Walezi wa Wana wa Watu

Mwenye kutafuta Riyadh au Jeddah nyumba ya kulelea wavulana iliyosimamishwa na kanisa hataiona, kwani Saudia haina makanisa. Lakini kazi yenyewe, ya kumpokea mwana aliyeanza kuwaponyoka wazee wake, imo, nayo hufanywa na serikali katika nyumba ziitwazo Dar al-Tawjih, ambazo humchukua mtoto anayekhofiwa kupotoka kabla hajatenda jinai, ilhali waliokwisha kutuhumiwa, wa miaka 12 hadi 18, wametengewa Dar al-Mulahaza. Kutenganishwa huko nakusifu kuliko majengo yote, maana mtoro wa skuli akilazwa chumba kimoja na mwizi, asubuhi watakuwa wezi wawili.

Walakini pongezi zangu khasa ni za msimamizi wa zamu, ambaye hana cheo wala fahari: ndiye amwamshaye kwa sala ya alfajiri kijana aliyezoea kukesha, amsimamiaye mpaka shuka itandikwe sawasawa, kisha amsikilizaye akisema uongo, akastahimili (na wenye wana wanajua ilivyo taabu) hadi uongo umwishie. Geoffrey Griffin na wenzake Geturo na Gikubu, walioanzisha kituo cha kulelea wavulana cha Starehe mjini Nairobi mwaka 1959 kwa mabanda mawili ya bati, wangemtambua mara moja kuwa ni mwenzao.

Jumuiya ya Insan ya Riyadh, kwa upande wake, humkimu yatima akiwa nyumbani kwa mama yake. Na pale mama yupo, njia hiyo naiona bora zaidi.