Pembetatu ya Mwezi: Imani na Udhahania Kando ya Ziwa Tanganyika

Historia ya uchoraji dhahania huanzishwa Ulaya: mwaka 1906 Hilma af Klint alichora akiamini anaongozwa na roho, mwaka 1911 Kandinsky alichapisha kitabu kuhusu mambo ya kiroho katika sanaa. Makala haya yanadai kuwa simulizi hiyo ina pengo. Kwa Watabwa, kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, safu za pembetatu zilizochanjwa mwilini na kuchongwa kwenye sanamu za wahenga huitwa balamwezi, yaani kuandama kwa mwezi: nuru inayorejea baada ya usiku wa giza na hatari. Umbo hilo halifanani na mwezi, bali hubeba maana yake. Af Klint aliagiza kazi zake zisioneshwe hadi miaka 20 baada ya kifo chake. Balamwezi ilivaliwa hadharani. Hata hivyo, kazi zake huitwa sanaa ya kiroho, na balamwezi huitwa mapambo. Kwa lebo hiyo, mwanafunzi wa Rumonge, anayekaa kando ya ziwa hilohilo, hufundishwa kwamba udhahania ni mgeni kwake. Mitaala na makumbusho yetu yaanze kwa kuyataja maumbo haya kwa majina yake.