Matope ya Venice na Chumvi Iliyoyahesabu

Yai bichi huzama katika maji matupu. Koroga chumvi ya kutosha, litapanda lenyewe. Hesabu ya plastiki katika matope ya Venice, inayonukuliwa tangu 2013, imesimama juu ya mchezo huohuo.

Laguni ya Venice ni maji ya chumvi yasiyo na kina, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 550 hivi, na hupumua na bahari ya Adriatiki kupitia milango mitatu: Lido, Malamocco na Chioggia. Watafiti walioitoa hesabu hiyo, Vianello na wenzake, walichota mashapo katika vituo 10. Walipata vipande 672 hadi 2,175 kwa kila kilo ya tope kavu, vingi zaidi upande wa ndani, karibu na nchi kavu, ambako mkondo umelegea na tope laini hupata nafasi ya kutua.

Tope hukorogwa katika maji ya chumvi, kisha huachwa litulie. Mchanga hushuka, plastiki hupanda, na maji ya juu humiminwa kwenye chujio. Aliyewahi kuosha mchele wenye mawe anaijua kazi hii, ila hapa kinachotafutwa ni makapi. Kinachosalia kwenye chujio hakiaminiwi kwa macho, maana kijipande cha mwani au cha gamba kinaweza kumdanganya hata mzoefu. Hupigwa miale ya infraredi chini ya hadubini: kila aina ya plastiki hufyonza miale kwa namna yake, kama alama ya kidole. Hapo ndipo penye nguvu ya utafiti huu.

Zaidi ya asilimia 82 ya vipande vilikuwa polietilini na polipropilini, jamii ya mifuko na vifuniko vya chupa. Ajabu kidogo, kwa sababu zote mbili ni nyepesi kuliko maji ya bahari. Zilifikaje chini? Plastiki ikikaa majini huota utando wa vijidudu na mwani, ikawa nzito. Nyingine humezwa na viumbe, ikashuka pamoja na kinyesi chao.

Lakini maji ya chumvi ya mezani, hata ukiyakoroga mpaka yakatae kuiyeyusha zaidi, hayavuki uzito wa gramu 1.2 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Plastiki ya chupa za maji ina takriban 1.38, na ya mabomba, PVC, iko karibu na hapo. Hizo nyingi hubaki chini na mchanga, nje ya hesabu. Kwa hiyo ile asilimia 82 inatueleza habari za laguni, na kwa kiasi fulani habari za chumvi yenyewe. Zinki kloraidi ingezipandisha, ila ni ghali, tena ni sumu. Siwalaumu waliochagua chumvi. Nasema tu kwamba hata ile 2,175 huenda ni pungufu ya idadi halisi.

Kuna na chujio. Asilimia 93 ya vipande vya Venice vilikuwa kati ya mikromita 30 na 500. Mwenye chekecheo la nusu milimita angeviacha karibu vyote vipite, kisha akaandika ripoti kwamba laguni ni safi.

Basi ukiletewa ripoti inayolinganisha matope ya Mombasa au Chwaka na ya Venice, kabla ya kusoma tarakimu uliza mambo mawili: walitumia chumvi gani, na tundu la chujio lilikuwa na upana gani.