Alama ya F: taimingi ya Honda C70 ya platini

Pikipiki ya zamani ikianza kurudisha kiki, ikachemka mlimani na kugonga ikibeba mzigo, mkono wa mafundi wengi hukimbilia kabureta. Jeti inasafishwa, plagi inabadilishwa, bei inalipwa, na ugonjwa unabaki palepale. Kwenye Honda C70 ya platini nashauri kuanza upande wa kushoto wa injini, chini ya kava la sumaku, kwa sababu huko ndiko inakoamuliwa saa ya cheche kupiga.

Familia ya C70 ni ile ya Super Cub, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1958. Hadi 2017 Honda ilikuwa imeshatengeneza zaidi ya milioni 100 za ukoo huo. Injini ya C70 ina silinda moja yenye kipenyo cha milimita 47, na pistoni inasafiri milimita 41.4 kutoka chini hadi juu. Za zamani za volti 6 mara nyingi hazina CDI, yaani mfumo wa cheche wa kielektroniki. Zina platini zilizojificha nyuma ya sumaku, na sumaku yenyewe ina matundu ya kuzifikia kwa bisibisi.

Platini zikiwa zimefungwa, umeme unaozalishwa na sumaku unazunguka kupitia kwazo. Zikiachana, njia inakatika ghafla, umeme unasukumwa kwenye koili, na plagi inapiga. Kwa hiyo kuseti taimingi ni kuseti sekunde ya kuachana. Mafundi wengi hupima pengo la platini kwa fila, kile kibapa chembamba cha kupimia, na wakiona lipo kati ya milimita 0.3 na 0.4 wanafunga kava. Pengo ni njia ya kufikia taimingi, na njia hiyo inaweza kudanganya.

Kwa nini cheche ipige kabla pistoni haijafika juu? Kwa sababu moto unahitaji muda wa kuenea ndani ya silinda, na msukumo wake mkubwa unatakiwa uikute pistoni ikiwa imeshaanza kushuka. Krenki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sekunde 0.01 tu, na digrii 20 zinapita kwa takribani sekunde 0.00056. Kwa mizunguko 1,500, digrii hizohizo 20 zinachukua sekunde 0.0022, mara nne zaidi. Ndiyo maana pikipiki nyingi za platini zina vijiuzito vinavyotanuka injini inapokimbia, ili cheche iwahi zaidi. Cheche ikiwahi kupita kiasi, moto unaigonga pistoni ingali inapanda: kiki inarudi kwa nguvu inayoweza kuumiza kifundo cha mguu, injini inachemka, na ukiendelea hivyo pistoni inaweza kutoboka. Ikichelewa, nguvu inapotea, petroli inaliwa, na moto unamalizikia kwenye ekzosi, ambayo huwa na joto kali kuliko kawaida.

C70 ninayoichambua ilikuwa imetoka sevisi. Mwenyewe alilalamika kwamba kabla ya sevisi ilikuwa nzito kidogo, lakini baada yake imekuwa hatari: inarudisha kiki asubuhi na kugonga ikipanda kilima. Tulipofungua kava na kupima pengo, fila ya 0.35 iliingia barabara. Kwa kipimo hicho, fundi aliyetangulia alikuwa na haki ya kusema kazi imekwisha.

Tatizo lilionekana tulipozitoa platini na kuziangalia kwenye mwanga. Upande mmoja ulikuwa umeota kichuguu kidogo cha chuma, na upande wa pili umechimbika shimo linalolingana nacho. Zikifungwa, kichuguu kinazama shimoni. Sasa fila ni bapa, haiwezi kuingia shimoni. Inapita kati ya ncha ya kichuguu na ukingo wa shimo, na kusoma umbali mdogo kuliko ule ambao platini zimeachana kweli. Fundi akiseti 0.35 kwa fila, pengo halisi linazidi hapo. Na pengo likizidi, kisigino cha platini, yaani sehemu inayosukumwa na kamu ili kuzifungua, kinakaa karibu zaidi na kamu hiyo, kinaguswa mapema, platini zinafunguka mapema, cheche inawahi. Alama ya F kwenye sumaku, inayoonyesha mahali cheche inapotakiwa kupiga, ilithibitisha: platini ziliachana F ikiwa bado haijafika kwenye alama ya kasha la injini.

Kipenyo cha sumaku kikiwa kama sentimita 11, digrii moja kwenye ukingo wake ni karibu milimita 1. Jicho linaona hilo bila kifaa chochote. Linganisha na wanaotafuta pistoni juu kwa kuchomeka kijiti kwenye tundu la plagi: digrii 5 kabla ya kufika juu, pistoni ya C70 imebakiza kama sehemu 1 ya 10 ya milimita. Kidole hakiwezi kuhisi hilo. Injini ya silinda moja yenye alama nzuri kwenye sumaku haihitaji kijiti.

Tulifunga platini mpya na kondensa mpya, kwani kuota kichuguu ni dalili inayofanya kondensa ishukiwe. Plagi ilitolewa ili injini izunguke kwa urahisi. Ukisimama upande wa kushoto, sumaku inazungushwa kinyume cha saa, uelekeo uleule inaokwenda injini ikiwaka, na hairudishwi nyuma wakati wa kupima, maana ulegevu wowote uliopo unabadilisha jibu. Kwanza tulitafuta mahali platini zinapoachana zaidi, tukaweka 0.35. Kisha tukabana kipande cha karatasi ya sigara kati yake, tukazungusha polepole huku karatasi ikivutwa taratibu kwa vidole. F inakaribia, karatasi bado imeshikwa. F inaingia kwenye alama, karatasi inaachia. Hapo ndipo panapotakiwa.

Ikiachia kabla ya F, cheche inawahi, punguza pengo. Ikiachia F ikiwa imeshapita, ongeza. Sogeza kidogo sana, kisha ukaze skurubu na upime upya, kwa sababu kukaza kwenyewe huvuta bamba la platini. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri: wanapima, wanakaza, wanaondoka. Wapo pia wanaotumia taa ya betri badala ya karatasi, lakini kwenye mfumo huu koili ya sumaku imeungwa na platini, na taa inaweza kubaki ikiwaka hata zikiwa wazi usipochomoa waya wake kwanza. Karatasi haina matata hayo.

Ukikuta karatasi inaachia sawasawa kwenye F lakini pengo limetoka nje ya 0.3 hadi 0.4, usiache hivyo. Ama kisigino cha platini kimelika, ama platini si za pikipiki hiyo. Kagua pia kile kichuma cha nusu duara kinachoshika sumaku na krenki, kwani kikikatika sumaku inateleza. Hilo ni baya kuliko yote, kwa sababu alama zote zinasema uongo kwa pamoja.

Mwenye taa ya taimingi amalizie nayo injini ikiwaka. C70 ya volti 6 mara nyingi haiwezi kuilisha taa hiyo, kwa hiyo iungwe na betri ya volti 12 ya pembeni. Alama ikitulia ni vizuri. Ikicheza huku na huku, platini zimelegea kwenye mhimili wake au kamu imelika, na hakuna kuseti kutakakoponya hilo.

Pikipiki ile iliwaka kwa kiki ya pili, mguu ukabaki salama, na mlimani haikugonga tena. Kabureta haikuguswa.

Platini mpya zipimwe upya baada ya muda mfupi, kwa sababu kisigino kinajikalisha kwenye kamu, pengo linapungua, na taimingi inachelewa taratibu bila kelele yoyote. Tone dogo la grisi kwenye kamu linapunguza kulika huko, lakini lisizidi, likirukia platini zitaungua. Msasa mkali usitumike kamwe. Unaacha mikwaruzo na chembe zinazoharakisha kuungua.

Vijana wengi wamejifunzia ufundi kwenye pikipiki za CDI, ambazo hazina platini za kuseti, na silaumu asiyewahi kuonyeshwa. Lakini wewe mwenye C70, siku ukiipeleka kwa fundi kwa sababu inarudisha kiki au inachemka, usikubali kuuziwa kabureta kabla ya kava la kushoto kufunguliwa. Mwombe akuonyeshe karatasi ikiachia kwenye F. Asiyeweza kukuonyesha hilo, chukua pikipiki yako umpelekee mwingine.