Tabora, Mbona Mlitunyima Habari?

Nani aliyetudanganya kwamba Tabora ni stesheni ya kubadilishia treni tu? Shuka! Tafuta bodaboda, mwambie "Kwihara", kisha shikilia kofia yako. Ni mwendo mfupi, vumbi na miembe, halafu hilo hapo: tembe la kuta nene za udongo, paa bapa, na mlango wa nakshi ambao ungeapa umetoka Zanzibar. Bahari iko zaidi ya kilomita 800 kwa reli, na pwani imekutangulia kufika!

Humu ndimo mpelelezi Livingstone alimokaa mwaka 1872, akisubiri wapagazi ambao mwandishi Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Tembe lenyewe limejengwa upya, na vilivyomo ndani si vingi. Usijali. Toka uani, usimame, ujue uko wapi: njia ya Bagamoyo ilikuwa ikifika Unyanyembe, yaani hapa, kisha inagawanyika, tawi moja Ujiji, jingine Karagwe hadi Buganda. Pembe za ndovu zilipita hapa mabegani mwa watu, na watu wengine walipita wakiwa wamefungwa minyororo. Nywele zilinisimama.

Ila naomba moja: msimalizie kwa Livingstone. Njia hii ni ya Wanyamwezi! Vijana wao walibeba mizigo hadi pwani na kurudi, na kwao safari hiyo ilikuwa kama jando. Mtemi Mirambo aliifunga njia mwaka 1871, wafanyabiashara Waarabu wa Tabora wakahaha, na Stanley mwenyewe akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Na Mtemi Isike wa Unyanyembe? Wajerumani walipoivunja ngome yake Januari 1893, aliwasha baruti akajilipua ndani yake. Kisa kama hiki kingekuwa cha nchi nyingine, tungeshakiona mara kumi kwenye sinema.

Mjini nako hakuchoshi: boma la Wajerumani bado limesimama kilimani, na shule aliyosoma Nyerere ingali inafundisha. Sokoni, onja asali ya miombo kabla hujauliza bei. Ukishaonja, bei haitakuuma. Nenda Novemba au Desemba, miembe ikiwa imeelemewa. Mabango ya kuelekeza wageni ni haba mno, jambo la aibu kwa mji wa hadhi hii, kwa hiyo uliza wazee.

Treni ya Kigoma inaingia. Ujiji, nakuja!