Nimona: Je, Mchoro Usiotulia ni Udhaifu?

Wako wenzetu idarani wanaoshikilia kwamba katuni si fasihi, na katuni ya mtandaoni ndiyo kabisa! Eti mchoraji hutoa ukurasa leo, mwingine keshokutwa, na mwisho wa hadithi pengine hata yeye haujui. Kwao huo ni ubabaishaji. Mimi sikubali, na mfano wangu ni Nimona ya ND Stevenson wa Marekani.

Stevenson, aliyezaliwa mwaka 1991, alianza kuitoa kazi hii mtandaoni mwaka 2012 akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha sanaa huko Maryland. Mwaka 2015 HarperCollins waliichapa kitabu, kikafika fainali ya tuzo ya National Book Award. Mwanafunzi kama sisi, jamani.

Tuanze na maudhui. Nimona ni binti awezaye kujigeuza umbo lolote: papa, paka, hata joka. Anajipachika kwa Blackheart, mtu ambaye Taasisi ya kulinda sheria imembandika jina la mwovu. Lakini huyo “mwovu” ndiye anayekataza mauaji, na Nimona ndiye anayeua bila kupepesa macho. Shujaa ni nani basi? Mwandishi hatupi jibu la mkato, wala hatuambii kwa yakini binti huyu katoka wapi.

Sasa fani. Kurasa za mwanzo ni vichekesho vya mistari myepesi. Kadiri hadithi inavyoingia giza, mchoro nao unabadilika. Wanaouona huu kuwa udhaifu wajiulize: hadithi ya kiumbe asiyetulia katika umbo moja ingefaa kweli kuchorwa kwa mkono uliotulia? Hapa fani imebeba maudhui, hata kama msanii hakukusudia hivyo tangu mwanzo. Ni kama fanani mbele ya hadhira: neno likishamtoka halirudi, budi asonge nalo.

Kasoro ipo. Mkurugenzi wa Taasisi ni mhusika bapa; uovu wake hauna mizizi.

Filamu ya mwaka 2023 iliyotolewa na Netflix inapendeza, lakini imempa Nimona chanzo kinachoeleweka na kumpunguzia ukatili. Tunamhurumia bila kumwogopa. Katika kitabu tunafanya yote mawili kwa pamoja, na hapo ndipo penye uzito wa kazi hii.

Basi tusiishie kuuliza kazi imezaliwa karatasini au kwenye kompyuta. Tuisome kwanza, ndipo tuihukumu.