Chernobyl: Lawama kwa Mfanyakazi
Baada ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl kulipuka tarehe 26 Aprili 1986, wakuu wa Kisovieti waliwatwika lawama wafanyakazi wa zamu. Hoja hiyo ni finyu. Naam, kanuni zilikiukwa. Lakini fimbo za kuzimia kinu, kwa kasoro ya grafati iliyo chini yake, ziliweza kuchochea nguvu zilipoanza kushuka. Kasoro hiyo ilionekana Ignalina mwaka 1983, urasimu ukaifunika. Mfanyakazi aliyefichwa ubovu wa chombo atakitawala vipi? Kwa usiri huohuo wakazi wa Pripyat walihamishwa baada ya saa 36 hivi, na watoto vijijini wakanywa maziwa yenye mionzi. Maelfu waliugua saratani ya tezi ya shingo. Mwaka 1987 mkurugenzi wa mtambo alihukumiwa miaka 10. Waliobuni kinu hawakushtakiwa, eti katika dola ya wafanyakazi!