Kibati Kimoja, Chasisi Mbili

Magari-nyumba mawili yanaweza kutoka kiwanda kimoja, kila moja likiwa na kibati kinachosema uzito wa juu ni kilo 3,500, na bado yakatofautiana kabisa chini ya sakafu. Ndivyo ilivyo kwa Fiat Ducato, gari ambalo sehemu kubwa ya magari-nyumba ya Ulaya hujengwa juu yake, yale yenye kitanda, jiko na choo ndani. Mnunuzi husoma namba hiyo moja, akaridhika, akahamia kwenye makabati na rangi ya viti. Ninamsihi asome mistari miwili inayofuata, ya ekseli ya mbele na ya nyuma, maana humo ndimo chasisi yenyewe inamojieleza.

Ducato huundwa Atessa, Italia, katika kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1981; kizazi cha sasa kilitoka 2006. Injini imelala kwa upana mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta gari. Kwa hiyo nyuma ya kabini hakuna propela shafti wala difu, na hilo ndilo lililowavutia wajenzi wa magari-nyumba: sakafu inaweza kushushwa, na mtu mzima akasimama ndani bila paa kuwa refu mno. Kwa kazi hii Fiat hutoa chasisi maalumu ambayo nafasi kati ya tairi za nyuma imepanuliwa kutoka milimita 1,790 hadi 1,980. Nyumba pana na ndefu kwenda juu huyumba kwenye kona, na upana huo huituliza.

Kuna jamii mbili: nyepesi na nzito, ambayo wengi huiita Maxi. Ile nyepesi hutumia rimu za inchi 15, na bolti zake 5 zimepangwa kwenye duara la milimita 118. Ile nzito ina rimu za inchi 16 na duara la milimita 130, kwa hiyo rimu ya moja haiingii kwenye nyingine hata ukilazimisha. Springi za ile nzito ni ngumu zaidi na diski zake za breki ni kubwa zaidi.

Tairi ndizo zinazoeleza mengi. Tairi ya 215/70 R15 ya magari-nyumba huwa na alama ya mzigo 109, yaani kilo 1,030 kwa tairi moja. Mbili hubeba 2,060, na ekseli ya nyuma ya chasisi nyepesi imewekewa kikomo cha kilo 2,000. Tairi ya 225/75 R16 yenye alama 116 hubeba kilo 1,250, mbili 2,500, na ekseli ya nyuma ya Maxi huruhusiwa kilo 2,400. Kikomo cha ekseli hakiwezi kupita kile ambacho kiungo dhaifu kuliko vyote, kuanzia springi na beringi hadi rimu na tairi, kinaweza kustahimili. Anayeweka springi ngumu na kuacha tairi zilezile hajaongeza hata kilo moja inayokubalika.

Sasa jumlisha. Chasisi nyepesi huruhusu 1,850 mbele na 2,000 nyuma, jumla 3,850. Kibati kinasema 3,500. Zile 350 za tofauti si akiba ya kupakia. Zipo kwa sababu mzigo haukai sawasawa kamwe. Chukua pikipiki ya kilo 120 iliyofungwa mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 4. Ekseli ya nyuma haiongezewi 120, inaongezewa 180, na ya mbele inapunguziwa 60, kama ubao wa pembea. Hapo gari zima linaweza kuwa chini ya 3,500 huku ekseli ya nyuma imevuka 2,000, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayovuta na kuelekeza, yamekuwa mepesi kwenye lami iliyolowa. Kwenye Maxi mzigo uleule unabaki ndani ya kikomo. Ndiyo maana Maxi yenye kibati cha 3,500 ina maana, ingawa chuma chake kinazidi uzito kidogo na hivyo kula sehemu ya shehena.

Lakini chasisi inayoweza kusajiliwa kwa kilo 4,250 inafungiwa 3,500 kwa nini? Jibu ni sheria. Leseni ya daraja B katika nchi nyingi za Ulaya imejengwa juu ya mstari huo wa 3,500. Waingereza waliofaulu mtihani kabla ya Januari 1997 walibaki na ruhusa ya hadi tani 7.5, waliofuata hawakuipata. Austria, gari likivuka 3,500 huacha stika ya barabara kuu na kufungwa kifaa cha kulipia kwa kilometa. Ujerumani, gari-nyumba la juu ya hapo huzuiwa kwenye kilometa 100 kwa saa hata katika barabara kuu.

Hali hii inaumiza zaidi kwenye shehena. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinadai nafasi ya mizigo binafsi isiyopungua kilo 10 kwa kila mtu, pamoja na 10 kwa kila mita ya urefu. Gari la mita 7 la watu wanne hutimiza sheria likiacha kilo 110 tu. Na uzito uliotangazwa unaruhusiwa kukosea kwa asilimia 5: kwenye kilo 3,000 hiyo ni 150, zaidi ya nafasi yote uliyoahidiwa. Kwangu huu ni udhaifu mkubwa wa kanuni hiyo, na anayeulipia ni familia.

Njia za kupanda juu ya 3,500 zipo. Chasisi nyepesi mara nyingi husajiliwa upya kwa 3,850, jumla ileile ya ekseli zake. Kampuni ya AL-KO hukata reli za asili nyuma ya kabini na kufunga fremu yake ya chini iliyopakwa zinki, yenye fimbo za chuma zinazojisokota badala ya springi za mabamba; ikiwekewa ekseli mbili nyuma, gari hufika tani 5.

Marekani ngazi za uzito ni nyingi zaidi. Ford F-53, chasisi ya magari-nyumba ya huko, huuzwa kuanzia ratili 16,000 hadi 26,000, karibu tani 7.3 hadi 11.8, kwa injini ileile ya V8 ya lita 7.3. Ngazi za chini hutumia rimu za inchi 19.5, za juu 22.5. Na hata kule kilele kimegusa sheria: leseni ya kibiashara huanzia ratili 26,001.

Kabla ya safari ndefu, gari lipimwe likiwa na maji, mafuta na watu wote ndani, ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, kama lori linavyopimwa kwenye mizani za Tanzania. Ya nyuma ikizidi, vya kwanza kuhamishwa ni vile vilivyo mbali zaidi nyuma yake: baiskeli, pikipiki, na tangi la maji kama mjenzi ameliweka huko.